Kamera ya bei poa ya kupigia picha vitenge na hereni za kuuza mtandaoni: nichukue DSLR ya mtumba au nibaki na simu?

#1 Mama_Wax
Wakuu habari zenu. Nauza vitenge vya wax na hereni za shanga, mtandaoni tu, Instagram na Status ya WhatsApp. Fremu sina. Nipo Dar, mizigo naituma kwa basi hadi Mwanza na Songea. Picha napiga kwa simu ya Android ya kawaida, nyuma imeandikwa megapikseli 50.

Kinachonitesa ni rangi. Kitenge cha zambarau kwenye picha kinatoka bluu, bluu ya sare ya shule kabisa. Mteja wa Songea kapokea mzigo kanipigia: "Dada, mimi niliagiza bluu." Nauli ya kwenda na kurudi nikabeba mimi. Hereni nazo, nikisogea karibu simu haishiki fokasi, nikirudi nyuma zinakuwa ndogo.

Nimetenga laki nne. Kuna mtu ananiuzia Canon 1200D, DSLR (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi), pamoja na lenzi yake ya 18-55 (milimita), imetumika. Nichukue hiyo, nijazie hela ninunue simu kubwa, au tatizo si kamera? Naomba zaidi waliopiga picha za bidhaa, maana wa harusi wengi wananiambia mambo ya harusi.

#2 Kitaa_Digital
Chukua iPhone ya macho matatu ya mtumba, maisha yaendelee. Kamera kubwa ni ya kubebea shingoni watu wakuone.

#3 Nyundo_Ndogo
Kitaa_Digital, kwa laki nne macho matatu ambayo hayajafunguliwa na fundi utayaonea wapi? Tuelekeze na sisi.

#4 FundiLenzi
Dada, kwanza futa megapikseli kichwani. Instagram inaonyesha picha yenye upana wa pikseli 1080. Ya wima iliyozoeleka ni 1080 kwa 1350, yaani megapikseli moja na nusu hivi. 1200D ina 18. Simu yako inasema 50, lakini kwa kawaida inaunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya 12 na ushee. Vyote vimepita mahitaji kwa mbali.

Faida ya DSLR kwako ni utulivu. Ukishaiambia nyeupe ni hii, inashikilia hiyo mpaka uibadilishe. Simu ikiwa otomatiki inaamua upya kila ukibonyeza: kitenge chekundu kikijaza fremu inadhani taa ndiyo nyekundu, inavuta kwenye bluu. Cha bluu kikifuata inafanya kinyume. Halafu inaongeza ukolezi wa rangi ili picha ipendeze. Kupendeza ni kwa selfi. Wewe unauza kitambaa, unataka ukweli.

1200D ni ya 2014, ya zamani, lakini kwa kitu kisichotembea juu ya meza haijazeeka. Kama ni nzima, chukua.

#5 Bosi_wa_Mitumba254
Niaje wadau. Niko Nairobi, huuza viatu vya mtumba, mzigo natoa Gikomba. Naheshimu FundiLenzi lakini naona anasahau kazi yenyewe. Kila kiatu changu ni kimoja tu, kikienda kimeenda. Napiga, naposti, kinanunuliwa, hata sijamaliza kupanga vile vingine. Na DSLR lazima utoe kadi, uhamishe picha kwa simu, upunguze, ndio uposti. Hiyo kazi ya kila siku hakuna mtu anakuambia ukinunua kamera.

#6 Kitaa_Digital
Si ana Wi-Fi kwenye hiyo 1200D? Inarusha picha kwenye simu moja kwa moja.

#7 FundiLenzi
Hapana mkuu, 1200D haina Wi-Fi. Iliyowekewa ni 1300D ya 2016. Kwa Nikon, D3200 na D3300 nazo hazina ndani, D3400 ina Bluetooth. Kwa 1200D anunue kisoma kadi cha kuchomeka kwenye tundu la chaja la simu, kinauzwa bei ndogo. Ila aangalie kwanza simu yake inakikubali, si zote.

Na hoja ya Bosi wa 254 naiunga mkono kwa viatu vya mtumba. Vitenge ni tofauti: katoni moja ina doti nyingi za mchoro mmoja. Ukipiga vizuri mara moja unauzia picha hiyo mwezi mzima.

#8 Shangazi_Mwenge
Mama_Wax mwanangu, kabla hujatoa laki nne, hizo picha unapigia wapi na saa ngapi?

#9 Mama_Wax
Shikamoo shangazi. Sebuleni, usiku watoto wakishalala. Kuna taa ya LED nyeupe ya darini na ile ya ukutani yenye mwanga wa njano. Mchana nahangaika na mizigo na oda.

#10 Shangazi_Mwenge
Marahaba. Basi jibu lako hilo hapo. Taa mbili za rangi mbili! Upande mmoja wa kitenge unaona mwanga wa njano, upande wa pili mweupe, kamera ya laki nne wala ya milioni nne haitajua imfuate nani. Zima ya ukutani leo leo. Mimi nashona na kuuza madera, simu yangu ni ya kawaida kuliko yako, na rangi hazinisumbui kwa sababu napigia kibarazani asubuhi.

#11 Mwl_wa_Ramani
Niongezee kwa shangazi, maana "piga dirishani" watu wanasema bila kusema dirisha lipi. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua moja kwa moja siku nzima. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza jua liko kusini, hapo hamia dirisha la kaskazini. Mwanga wa anga bila jua lenyewe ni laini, vivuli vyake vyepesi, na haubadiliki ghafla. Madirisha ya mashariki na magharibi yana nusu siku yake tu.

Saa sita mchana nje usipige kabisa. Jua liko utosini, mikunjo ya kitambaa inakuwa mistari myeusi.

#12 Darajani_Kwetu
Mie nipo Unguja, nnauza mapambo ya fedha. Huyo anayeuza 1200D muulize kaiweka wapi. Huku kwetu pwani unyevu unaua lenzi. Ukungu unaota ndani ya kioo, nyuzi nyembamba nyeupe, na hausafishiki kwa kufuta nje. Vua lenzi, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi au utando, rejesha ukaondoke zako. Hata akupunguzie bei.

Ukishanunua usiifungie kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, na ubadilishe vikichoka.

#13 Nyundo_Ndogo
Muhimu hiyo. Na aulize imeshapiga picha ngapi. Shata ya kamera (pazia la ndani linalofunguka kila picha) ina maisha yake.

#14 Kitaa_Digital
Rahisi, mwambie akutumie picha moja WhatsApp, uisome kwenye programu itakwambia idadi.

#15 FundiLenzi
Hapo pana makosa mawili. WhatsApp inafuta taarifa zote zilizomo ndani ya picha ikitumwa kama picha, lazima aitume kama dokumenti. Na hata akituma hivyo, Nikon ndiyo inayoandika idadi ya shata ndani ya faili. Canon za ngazi hii haziandiki, mpaka uichomeke kwenye kompyuta yenye programu inayoweza kuiuliza kamera yenyewe.

Kwa hiyo dada, kwa Canon angalia ushahidi mwingine: mpira wa kushikia umelegea? Alama kwenye vitufe zimefutika? Piga ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) ukaone madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Jaribu pande zote mbili za swichi ya lenzi, ya fokasi otomatiki na ya mkono. Betri ni LP-E10, uliza kama ni ya asili na inakaa chaji muda gani. Jaribio lote hili ufanyie dukani au nyumbani kwake, usikubali kukutana kituo cha daladala.

#16 Mama_Wax
Shukrani wote. Jana nimefanya aliyosema shangazi na Mwalimu. Dirisha langu la chumbani linatazama kusini, nikalaza vitenge kitandani, taa zote zimezimwa. Simu nimeiweka kwenye hali ya Pro (ya kujipangia mwenyewe), mizani ya nyeupe nikaifunga 5500K, kile kipimo cha rangi ya mwanga.

Wakuu, kijani kimetoka kijani. Rangi ya chungwa ni yenyewe. Nyekundu afadhali sana. Zambarau bado ni bluu! Imesogea kidogo, lakini ukiweka simu juu ya kitambaa ni vitu viwili tofauti. Nimepandisha mpaka 7000K, nyeupe yote ikawa njano na zambarau bado haijafika.

#17 Prizma
Hiyo nilikuwa naisubiri. Zambarau ni kesi yake peke yake, taa haina kosa hapo. Rangi nyingi za zambarau za viwandani zinarudisha mwanga wa bluu pamoja na wekundu wa mwisho kabisa, ule unaokaribia usioonekana. Jicho lako linaupata wekundu huo. Kamera ina kichujio mbele ya sensa cha kuzuia mwanga usioonekana, na kichujio hicho kinakata na sehemu ya wekundu huo. Inabaki bluu. Simu inafanya hivyo, DSLR inafanya hivyo. Watu wanaopiga picha za maua wanalijua tatizo hili.

Kwa hiyo 1200D haitakutibia zambarau. Nunua kwa sababu nyingine.

#18 FundiLenzi
Prizma sikupingi, lakini "haitakutibia" ni kali mno. Vichujio havifanani kampuni kwa kampuni, na zambarau zenyewe hazifanani. Ukipiga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) unaweza kuirekebisha rangi moja bila kugusa nyingine.

#19 Shangazi_Mwenge
Na mimi nishawahi kuona zambarau inakuwa bluu hata kwa macho, chini ya taa za dukani. Ukitoka nje inarudi. Mnalaumu kamera, kumbe nguo yenyewe ina sura mbili.

#20 Bosi_wa_Mitumba254
Mimi nasema ni skrini ya mteja. Nikipiga kiatu maroon, kwa simu yangu ni maroon, kwa simu ya bibi yangu ni kahawia. Picha ni ileile. Kuna watu wamewasha ile hali ya usiku ya kupunguza bluu mchana kutwa na hawajui. Huyo wa Songea aliona nini? Hakuna anayejua.

#21 Prizma
Bosi, skrini inaeleza tofauti ya mteja na mteja. Mama_Wax amelinganisha kwenye simu yake mwenyewe, kitambaa kikiwa pembeni. Hapo mteja hajaingia bado.

#22 Bosi_wa_Mitumba254
Na skrini ya simu yake nani ameikagua? Simu nyingi zinakuja zimewekwa kwa rangi kali, "vivid". Aende kwa mipangilio aweke rangi za asili, apige tena.

#23 Mama_Wax
Kweli ilikuwa kwenye rangi kali. Nimebadilisha. Picha zangu zote za zamani zimepoa, na zambarau imekuwa bluu iliyopoa.

#24 Nyundo_Ndogo
😂 Bluu iliyopoa. Bosi wa 254 nusu pointi.

#25 Darajani_Kwetu
Nyie rangi mnazo, mie nirudi kwenye hereni maana hakuna aliyemjibu. Dada, hereni ndogo usisogee nayo simu mpaka pua. Kaa mbali kidogo, kama urefu wa mkono, vuta mara mbili kwa kukuza, halafu kata picha. Ukisogea sana lenzi pana ya simu inavimbisha kilicho mbele. Ukitumia ile kamera ya makro ya megapikseli 2 wanayoijazia kwenye simu za bei ndogo utapata matope.

#26 FundiLenzi
Hapo kwenye hereni ndipo 1200D inapopata hela yake. Lenzi ya 18-55 iweke 55, inasogea hadi sentimita 25 hivi kutoka kwenye sensa na kushika fokasi. Weka f/8, ISO 100 (wepesi mdogo wa kushika mwanga), kamera kwenye stendi, kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Watakuja watu wakwambie nunua lenzi ya 50mm f/1.8. Nzuri kwa sura za watu. Kwa hereni, toleo lake la STM halishiki fokasi karibu zaidi ya sentimita 35, kwa hiyo hereni inatoka ndogo kuliko kwenye 18-55 uliyopewa bure na kamera. Na ukifungua f/1.8 kwa karibu hivyo, shanga ya mbele itaonekana na ndoano itapotea.

#27 Prizma
Na kwa kitu kidogo sensa ndogo ina faida, mtu asidharau simu: kina cha fokasi chake ni kirefu, hereni yote inasomeka bila kuhangaika na f/8. Kamera za mfukoni za zamani zenye alama ya ua kwa ajili ya karibu zilikuwa hodari sana kwa hili. Canon PowerShot nyingi zinashika fokasi sentimita chache tu kutoka kwenye kioo. Ukiipata nzima kwa hela ndogo, inamaliza kazi ya hereni, na laki nne inabaki na mabaki.

#28 Kitaa_Digital
Sasa mnamchanganya. Mmoja DSLR, mmoja simu, mmoja kamera ya mfukoni ya enzi za Kikwete.

#29 Yanga_Damu
Nimepita tu. Mimi nauza jezi, na naweza kuthibitisha kwamba jezi ya Simba ndiyo ngumu kuliko zote kupiga picha. Hata kamera inaikataa 😂 Wekundu unakuwa bapa, mishono haionekani.

#30 FundiLenzi
Yanga_Damu umetania ila umesema kweli. Kamera inarekodi nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye chaneli yake; nyekundu iliyokolea inajaza chaneli nyekundu peke yake huku mita ya mwanga ikiona bado kuna nafasi. Ikishajaa hakuna maelezo tena, mshono na kivuli vyote ni nyekundu moja. Punguza mwanga nusu stopu (hatua ya kipimo cha mwanga) au zaidi, yale ya -0.7. Kwenye simu gusa kitambaa, buruta kijua chini. Halafu punguza na ukolezi. Vitenge vyekundu vya Mama_Wax ni hivyohivyo.

Nguo nyeupe ni kinyume: mita inadhani kuna mwanga mwingi, inatoa kijivu. Ongeza +1.

#31 Mwenye_Simba
Kwa hiyo Mnyama anajaza chaneli mpaka mita inashindwa kuhesabu. Asante fundi, hiyo naichapa kwenye fulana.

#32 Shangazi_Mwenge
Haya watoto, turudi. Kwenye kuiambia kamera nyeupe ni ipi, mimi naweka karatasi nyeupe ya A4 kando ya kitambaa kwenye picha ya kwanza, kisha naikata. Bure kabisa.

#33 Prizma
Shangazi nakuheshimu, ila karatasi nyingi za A4 zina kemikali ya kung'arisha. Dirishani zinatoa bluu ya ziada. Kamera ikiifuata, kitambaa chote kinasogea kwenye njano kidogo. Kadi ya kijivu ya kupimia ndiyo salama.

#34 Shangazi_Mwenge
Kidogo kiasi gani? Wateja wangu wananunua na hawarudishi. Karatasi nabaki nayo.

#35 Mama_Wax
Nimeuliza bei ya ile 1200D tena, jamaa kashuka kidogo, anasema kuna mwingine anaitaka. Wamesema hivyo tangu zamani, sina presha. Ila nimeona jambo: wapo watu wawili wamechukua picha zangu za kitenge cha kijani cha dirishani, wameziposti kwenye kurasa zao kama mzigo wao! Picha mbaya za sebuleni hakuna aliyeziiba.

#36 Nyundo_Ndogo
Hongera, umefaulu mtihani. Weka jina la duka juu ya kitambaa chenyewe, katikati ya mchoro, kwa herufi hafifu. Pembeni wanakata.

#37 Bosi_wa_Mitumba254
Ama uweke kijikaratasi chenye jina lako kando ya mzigo kabla ya kupiga, kikiwa ndani ya picha. Mteja pia anajua mzigo uko mkononi, si picha ya kuokota.

#38 Mama_Wax
Hiyo ya kijikaratasi nimeipenda. Na zambarau, mpaka tuelewane, nimeanza kuwatumia video fupi ya nje, nimekishika mkononi, na kuandika chini "ni zambarau ya bilinganya, si bluu". Wawili wameshalipia.

#39 Prizma
Video nayo inapita kwenye kichujio kilekile.

#40 Mama_Wax
Inapita, lakini maandishi hayapiti. Wanasoma.

#41 FundiLenzi
Sawa kabisa. Hata hivyo, ukienda kuitazama ile kamera nenda na kipande cha hicho kitenge. Kipige dirishani kwake kwa RAW na kwa JPEG, weka na simu yako pembeni. Dakika kumi, na wote humu tutajua nani alikuwa sahihi kuhusu zambarau.

#42 Mama_Wax
Jumamosi nitaenda. Kipande nimeshakikata.

#43 Mgeni_Msamvu
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nauza sufuria za alumini, rangi hazinihusu. Shida yangu ni kwamba kila picha ninaonekana mimi na simu yangu ndani ya sufuria. Kamera gani haifanyi hivyo?

#44 Darajani_Kwetu
Hakuna. Kinachong'aa kinaonyesha kilicho mbele yake, fedha ndivyo zilivyo. Chukua shuka jeupe jembamba, lizungushe sufuria pande zote na juu kama kihema, taa au dirisha liwe nje ya shuka. Acha upenyo mdogo wa lenzi tu, na kaa mbali ukuze. Sufuria ikitoka nyeupe mno bila umbo, bandika ukanda wa karatasi nyeusi upande mmoja ndani ya shuka, ukingo utajichora.

#45 Mgeni_Msamvu
Shuka lenye maua halifai?

#46 Darajani_Kwetu
Utauza sufuria za maua.